Kioo Kimoja cha Wake Wawili

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa mwanamke na mlango wake, mlango na jicho lake, jicho na wivu wake! Niseme, nisiseme?

— Sema!

Nikisema mtanuna?

— Tutacheka!

Haya, sogeeni basi. Wewe wa nyuma njoo na mkeka wako, utasuka hapahapa huku unasikiliza. Mikono isuke, masikio yawe yangu.

Hapo kale, kale ya bibi wa bibi yangu, kale ambayo mtu akitaka kujiona uso anainamia mtungi wa maji, na maji yakitikisika kidogo tu pua imehamia sikioni, hapo kale mjini Makuwani palikuwa na mwanamume jina lake Mwinyikondo. Mtu wa biashara. Mtu wa punda, mtu wa safari, mtu wa leo yupo kesho hayupo. Na mwoga! Si mwoga wa simba, simba angempiga teke. Mwoga wa wake zake.

Alikuwa nao wawili. Mkubwa anaitwa Mize. Mnene, mweupe wa meno, akitembea ardhi inaitikia. Mdogo anaitwa Shumbana. Mwembamba, mrefu, shingo hiyo! Akigeuka kukutazama unadhani shingo imebaki nyuma inakuja peke yake.

Sasa sikilizeni desturi ya Makuwani, maana bila hiyo hamtanielewa. Mwanamume wa kule akioa wa pili hajengi nyumba ya pili. Anachukua fito na udongo, anasimamisha kiambaza katikati ya ukumbi, kirefu, kutoka karibu na mlango wa mbele mpaka kabisa karibu na ukuta wa mwisho. Upande huu wa mkubwa, upande ule wa mdogo. Kila mmoja mlango wake, jiko lake, kigoda chake. Hakuna kuoneana chungu. Wakipishana uani, kila mmoja anajivuta kanga usoni, anapita. Wanasikiana wakikohoa, basi.

Na kila kinacholetwa ni sawa kwa sawa. Mwinyikondo akileta kanga, jozi mbili. Akileta samaki, anamkata kati kwa kati, halafu anakaa jasho linamtoka, anawaza leo kichwa nimpe nani.

Siku moja amerudi safarini. Punda amebeba kitu kimefungwa magunia. Kukifungua, mwee! Ubao wa maji yaliyosimama wima! Kioo. Kikubwa, unajiona kutoka ukaya wa kichwani mpaka kisigino. Mji mzima haujapata kuona.

Kimoja.

Mize kutoka upande wake: "Bwana, umenunua vingapi?"

Shumbana kutoka upande wake: "Eti bwana, na changu kiko wapi?"

Mwinyikondo akasema: "Kimoja tu, wake zangu. Nimepewa. Aliyenipa nitawaambia siku nyingine."

Hilo neno lishikeni. Liwekeni kwenye pindo la kanga mlifunge fundo. Tutalifungua mbele.

Akakitundika ukuta wa mwisho, pale kiambaza kinapokoma, katikati, si kwa huyu si kwa yule. Akasema: "Nisikilizeni. Asikisogelee mtu mpaka nirudi nipange zamu. Atakayekwenda kusimama mbele yake kabla ya zamu, zamu kapoteza. Na atakayekivunja..." Akakohoa. "Atakayekivunja atajitwika kitanda chake na kurudi kwao. Moja kwa moja."

Akapanda punda, huyo. Si nimewaambia mwoga?

Mnacheka. Mize hakucheka. Mize kwao kulikuwa hakuna kwao tena. Mama kafa, baba kafa, nyumba imebaki kwa kaka, na kaka ana mke mwenye ulimi unaoweza kumenya muhogo. Jiko la nyumba hii Mize alilijenga kwa mikono yake, mafiga aliyabeba mwenyewe kutoka mtoni na mimba tumboni. Kurudi kwa wifi? Afadhali alale na mbuzi.

Basi akakaa mlangoni kwake, akilinda. Kulinda nini? Shumbana asije akaenda kujitazama kwa kuiba. Na Shumbana naye kakaa mlangoni kwake analinda. Kulinda nini? Mize asije akaenda kujitazama kwa kuiba. Huyu upande huu, huyu upande ule, kiambaza katikati, kioo kule mwisho.

Sasa Mize anakitazama kile kioo kwa ubavu. Akachungulia. Akamwona nani?

— Mize!

Aka! Akamwona Shumbana!

Mnashangaa nini? Mwanga ni kama mpira wa makuti. Ukiurusha ukutani kwa ubavu unarudi kwako? Haurudi, unakwenda kumpiga aliyesimama upande wa pili. Mtu akikaa ubavuni mwa kioo hajioni, anamwona wa ubavu wa pili. Nyie mnajua. Wao walikuwa hawajui. Wao walijua neno moja tu lililovuma mjini tangu kioo kifike: kioo kinaonyesha sura kiliyoipenda.

"Ala!" Mize akasema. "Kimempenda yeye!"

Na Shumbana upande ule, akachungulia, akamwona Mize. "Lo! Kimempenda mkubwa!"

Mize akakunja uso. Kule kiooni Shumbana naye amekunja uso, kwa sababu zake. "Mwone! Mpaka ndani ya kioo ananinunia!" Mize akabenua mdomo. Shumbana akauona mdomo, akabenua wake. Basi wakashinda wanabenuliana midomo mpaka adhana ya alasiri, hakuna aliyepika.

Lililomuua Mize zaidi ni jua. Nyumba ile mlango wa mbele unatazama mashariki. Asubuhi jua linaingia, linapita upande wa Mize, linakwenda kupiga kioo, halafu linaruka, hilo, mpaka kwenye mlango wa Shumbana. Shumbana amekaa anang'aa kama kasukwa kwa shaba. Mize amekaa gizani anatafuta sindano kwa kupapasa.

"Jua linaingia kwangu linatokea kwake! Jamani! Mpaka jua!"

Jua likishapanda, linageuka, linapita kwa Shumbana na kuangukia mlango wa Mize, linamwagika kizingitini pote. Lakini saa hiyo Mize yuko wapi? Kisimani. Mwangaza wake unawaangazia kuku. Mwenye wivu anahesabu kinachokwenda kwa mwenzie tu, chake kinaliwa na kuku.

Haya. Mize akasema, nitakifanya kinipende.

Akafungua sanduku. Akatoa doti ya kisutu, akajifunga. Akavaa vikuku, akavaa kipini, akavaa na hereni za marehemu mama yake. Akakaa mlangoni, vikuku vinalia njalanjala kama mbuzi wa harusi. Akachungulia. Akamwona nani?

— Shumbana!

Shumbana! Na Shumbana aliposikia njalanjala na kuona kisutu kule kiooni, moyo ukamwaka. Mchana huohuo akatafuta doti ya kisutu kama ileile, akajifunga.

Mize akasema, kumbe si nguo, ni ngozi. Akatwanga liwa, akachanganya na maji ya mawaridi, akajisinga mwili mzima. Akapaka hina, akajifukiza udi mpaka paa linafuka, majirani wakaja na ndoo wakidhani moto. Akakaa mlangoni. Akachungulia. Akamwona nani?

— Shumbana!

Shumbana, kavaa kisutu cha kuiga, shingo ndefu vilevile, jua limemwangukia vilevile! Mize akalia. Alilia kwa sauti ya kumeza, ili upande wa pili wasisikie. Na upande wa pili mtu alikuwa analia kwa sauti ya kumeza, ili upande huu wasisikie. Kiambaza hicho kingekuwa na mdomo kingewaambia.

Mize akasema, basi, naenda kwa somo.

Somo alikuwa Bi Chano. Kikongwe mkavu, mwepesi, amebaki macho na kicheko. Ndiye aliyewafunda wari wote wa Makuwani, ndiye aliyemfunda Mize, ndiye aliyemfunda Shumbana. Siri za kila chumba anazo yeye.

"Somo, nakufa."

"Unakufa na udi wote huo? Kaa hapo, mwanangu. Nani kakuua?"

Mize akamweleza. Kioo, jua, shingo, kila kitu. Bi Chano akasikiliza, akacheka kidogo ndani ya kanga, akasema:

"Kinampenda mwembamba. Basi konda. Wali wa nazi acha. Samaki wa kupaka acha. Mahamri usiyanuse. Ila chakula usikitupe, mwanangu, ni dhambi. Kila siku pika kama kawaida, uniletee mimi nikusaidie kukimaliza. Na mlangoni kwako tundika kanga, usichungulie mpaka mwezi uandame."

Mize akaenda. Hajafika kona, nani anaingia kwa mlango wa uani? Shumbana!

"Somo, nakufa."

"Leo wote mnakufa. Kaa hapo, mwanangu."

"Kile kioo kinampenda dada Mize. Kinapenda mnene. Mimi mwili wangu ni uzi, kinanitazama kinanipita."

"Basi nenepa. Kula asubuhi, kula mchana, kula magharibi, usingizini tafuna karanga. Na nguo zitakazokubana, usizitupe, ni dhambi. Niletee mimi nikutunzie. Na mlangoni kwako tundika kanga, usichungulie mpaka mwezi uandame."

Mnamwona bibi huyo? Chakula cha huyu, nguo za yule! Kha! Mimi nikizeeka nataka niwe yeye.

Basi kanga zikatundikwa. Upande huu Mize anapika wali wa nazi, anaufunika kawa, anaupeleka, anarudi kunywa maji. Tumbo linamlilia linamwita jina. Upande ule Shumbana anatafuna. Anatafuna mpaka taya zinavimba, anashushia uji, anaanza tena. Mize usiku anausikia ule utafunaji ng'wa, ng'wa, ng'wa nyuma ya kiambaza, anajisemea: "Kula, mwenzangu, kula. Siku yako inakuja." Na Shumbana anasikia tumbo la Mize linanguruma, anajisemea: "Mkubwa kashiba mpaka ananguruma."

Vikuku vikamtoka Mize vyenyewe. Kipini kikawa kizito kuliko pua. Shumbana shingo ikazama mabegani, haionekani ilikokwenda.

Mwezi ukaandama. Asubuhi yake, kwa pamoja bila kuambiana, huyu kafungua kanga yake na yule kafungua kanga yake. Huyu kisutu, yule kisutu. Mize akavuta pumzi. Akachungulia. Akamwona nani?

— Shumbana!

Ngojeni! Akamwona mwanamke mnene, mashavu haya, mikono hii, kisutu kimembana kinataka kulia. Mize akasema, huyu si Shumbana, Shumbana ni uzi. Mnene mwenye kisutu ni mimi. Ni mimi nilivyokuwa!

"Yaani nimefunga, nimekauka, nimebaki kama ufito wa nyumba, na kioo kinanionyesha vilevile? Kinanidhihaki!"

Na upande ule Shumbana kachungulia, kaona mwanamke mkavu mwenye kisutu kinachomvuka. "Yaani nimekula mpaka nahema kama ng'ombe wa mimba, na bado mimi ni uzi? Kinanitukana!"

Hasira ikampanda Mize kutoka unyayoni. Akaushika mchi wa mvule, ule ulioungua ncha kwa kutumbukia jikoni mwaka wa njaa. Akasema: "Kama hakinioni mimi, hakitamwona mtu."

Ulimi wa wifi akausahau. Kitanda cha kujitwika akakisahau. Mafiga aliyoyabeba na mimba akayasahau. Jamani, wivu! Mtu anajichomea nyumba yake ili moshi umwingie jirani machoni! Akaenda mbio ukumbini, mchi juu, akapita kiambaza kinapokoma, akasimama mbele ya kioo, akavuta mkono nyuma.

Akamwona mwanamke anataka kumuua!

Mwanamke mkavu, macho yametoka, meno nje, mshipa wa shingo umesimama, ameinua mchi juu yake yeye Mize. Uso mbaya, uso wa mtu anayechinja. Mize akapiga kelele: "We mwanamke! Nimekukosea nini?"

Mwanamke akafungua mdomo vilevile. Mize akautazama mchi. Ncha imeungua. Wangu huu! Akautikisa, ukatikiswa. Akaushusha kidogo kidogo, ukashuka kidogo kidogo.

"Mimi?" akasema. "Huyu ndiye mimi?"

Akarudi nyuma hatua moja. Akakumbuka kitanda. Akakumbuka wifi. Palepale ubavuni mwake pakatokea mnene mmoja anahema, kabeba jiwe la kusagia kichwani, tayari kulitupa.

Wakatazamana kiooni. Wakageuka, wakatazamana wenyewe, uso kwa uso, hakuna kanga ya kujivuta.

"Dada Mize?"

"Shumbana? Wee mwana, shingo umeipeleka wapi?"

"Nimeila, dada. Na wewe matako umemwachia nani?"

Wakakaguana juu mpaka chini. Halafu Mize ikamtoka pff! Shumbana ikamtoka pff! Wakaangua kicheko, wakashikana wasianguke, jiwe huku, mchi kule. Walicheka mpaka wakalia, wakalia mpaka wakacheka tena. Wakapimana: huyu akisimama mlangoni pake anamwona yule, yule akisimama pake anamwona huyu. Wakarudia, wakarudia tena, kama watoto.

"Kwa hiyo ule mdomo uliokuwa unanibenulia..."

"Nilikuwa nakujibu wewe!"

"Na nani kakwambia unenepe?"

"Somo. Na wewe nani kakwambia ukonde?"

"Somo!"

Wakatoka nje. Bi Chano huyo anapita njiani, nguo zote za Shumbana mwilini, mashavu yote ya wali wa Mize usoni, anatembea ardhi inaitikia.

"Somo! Umetufanya nini?"

"Kila mmoja alitaka kuwa mwenzie. Si mmekuwa? Mie mnanilaumu nini?" Akacheka mpaka mahamri yakamtikisika tumboni. "Ila wali wa leo, Mize, umechelewa."

Wakarudi ndani. Mize akaushika mchi tena, ule wa ncha ya kuungua. Hasira imemrudia, lakini safari hii anajua pa kuipeleka. Bwana alikataza kioo kisivunjwe. Kiambaza hakukitaja! Puu! Shumbana na jiwe lake, puu! Puu! Fito zikatoka, udongo ukaporomoka, ukumbi ukawa mmoja, na mwanga ukaenea pande zote mpaka kwenye vikapu na kwenye kona za panya.

Sasa fungueni lile fundo la pindo. Mnalikumbuka? Aliyenipa nitawaambia siku nyingine.

Mwinyikondo huyo karudi. Punda kabeba gunia jingine. Wake wakalifungua. Kioo cha pili!

Shumbana akashangilia: "Sasa sawa kwa sawa!"

Mwinyikondo akakohoa. Akatazama dari. "Hiki... hiki ni cha mwenzenu. Mama yake ndiye aliyenipa kile cha kwanza. Harusi Ijumaa. Naomba kiambaza mnisaidie ku... Kiambaza kiko wapi?"

Mnadhani walipiga kelele? Mize akamtazama Shumbana kwa kupitia kioo, jicho moja tu. Shumbana akalijibu. Wamefanya mazoezi ya kutazamana kiooni siku nyingi, hao!

"Hongera, bwana," Mize akasema, sauti asali. "Sisi hatuna neno. Au sivyo, mdogo wangu?"

"Hatuna neno, dada. Tukitundike cha mgeni, bwana akione kinavyopendeza."

Wakakitundika ukuta wa mbele, sambamba na kile cha ukuta wa mwisho. Kinatazama kinatazamwa, na katikati hakuna kiambaza.

"Bwana, simama hapa katikati utupangie zamu."

Akasimama. Mize kulia kwake, Shumbana kushoto. Akainua uso.

Akamwona Mize na Shumbana. Nyuma yao Mize na Shumbana. Nyuma yao tena Mize na Shumbana, na nyuma yao, na nyuma yao, wamejipanga ukumbini kama msururu wa kisimani wakati wa kiangazi, mpaka kule wanakokuwa wadogo kama siafu, na bado wanakuja!

"Bwana," Mize akanyosha mkono, "unga umekwisha." Mikono isiyo na mwisho ikanyoshwa.

"Bwana," Shumbana akanyosha wake, "na mie kanga." Mikono isiyo na mwisho ikanyoshwa.

"Bwana, kichwa cha samaki leo cha nani?"

Mwinyikondo akageuka akimbilie mlangoni. Kule nako wamejaa! Akageuka huku, wamo. Akageuka kule, wamo.

"Yarabi toba! Nimeoa lini wote hawa?"

"Bado wa Ijumaa," Shumbana akasema.

"Hakuna Ijumaa! Ifutwe Ijumaa! Mrudishieni mama yake kioo chake! Wawili wananitosha, wawili wamenizidi!" Akajifunika uso kwa kofia, akatoka kwa kutambaa kati ya miguu yao, na punda akamwona akashangaa.

Kioo cha pili kikarudishwa kwa mwenyewe, na salamu nyingi. Cha kwanza kikabaki palepale ukuta wa mwisho. Zamu haikupangwa mpaka leo.

Wivu uliisha? Muongo mimi? Haukuisha! Mize akirudisha unene wake, Shumbana anaukodolea. Shumbana shingo ikitokeza, Mize anaikodolea. Lakini asubuhi jua likiingia, kila mmoja anakaa mlangoni kwake kama zamani, anachungulia kwa ubavu, na Mize anaita:

"Shumbana, ukaya wangu umekaaje?"

"Umepinda kushoto, dada. Na mimi?"

"Una mkaa puani."

Mwenyewe huoni. Anayeona ni yule.

Hadithi yangu imefika mlangoni, imevua viatu, imekaa. Ikiwa tamu, gawaneni sawa kwa sawa. Ikiwa chungu, mnirudishie nitaitafuna mwenyewe. Na wewe wa nyuma unayenibenulia mdomo, nakuona!